Rangi Mbili, Chumba Kimoja: Jinsi ya Kuzilinganisha Kabla ya Kufungua Ndoo

Karibu kila wiki napokea ujumbe wa namna moja. Picha ya kadi ya rangi iliyopigwa dukani chini ya tyubu, vidole viwili vimeshika kingo, na maneno machache: "Fundi, ipi kati ya hizi mbili?" Mara ni samawati nzito na krimu. Mara ni kijani cha majani makavu na rangi ya udongo. Juzi ilikuwa damu ya mzee na kijivu cha majivu, kwa sebule ya watu wa Mbale. Nami hujibu vilevile kila mara: sijui, na wewe bado hujui, kwa sababu hakuna kati yetu aliyeziona rangi hizo. Tulichokiona ni kipande cha karatasi kidogo kuliko kiberiti, chini ya taa ya duka, kwenye skrini ya simu.

Rangi huamuliwa chumbani kwako, kwenye mwanga wako, saa unazokitumia chumba hicho. Mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kuzipeleka rangi zako mbili humo ndani zikiwa sawa kwa sawa, ili tofauti utakayoiona iwe ya rangi zenyewe. Kazi inachukua siku nne au tano, na nyingi ya saa hizo ni za kusubiri na kutazama. Nazungumzia rangi ya maji ya kuta za ndani: sebule, chumba cha kulala, au muzigo (nyumba ndogo ya kupanga) wa chumba kimoja. Kama umepanga, mwulize mwenye nyumba kwanza. Nimeona watu wakidaiwa ukuta urudishwe ulivyokuwa.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Kopo la lita moja la kila rangi, lililochanganywa kwenye mashine ileile utakayonunulia rangi yote. Zote mbili ziwe za mng'ao mmoja: mati (isiyong'aa) kwa mati, au silki (inayong'aa kidogo) kwa silki. Hili usilipuuze. Silki hurudisha mwanga na kuifanya rangi ionekane imekolea, mati huipoza. Ukilinganisha nili ya silki na krimu ya mati, utachagua mng'ao ukidhani umechagua rangi.
- Karatasi nne kubwa za manila nyeupe, zile walimu wanazobandika darasani. Vipande vya plaiwudi kutoka kwa seremala vinafaa pia, ila vipake andakoti nyeupe (rangi ya kutangulia) kwanza.
- Rola ndogo mbili, moja kwa kila rangi. Usioshe moja ukaitumia kwa zote. Maji yanayobaki kwenye manyoya hubadilisha rangi ya pili.
- Tepu ya karatasi, kalamu na daftari.
- Balbu utakazotumia kweli chumbani, si za kuazima.
- Vitu vitakavyobaki chumbani: pazia, mto wa kochi, kipande cha tailzi au mkeka wa sakafuni.
- Simu yenye kamera.

Angalia na ukuta wenyewe. Lipu mpya iachwe kama siku 28 ikauke. Simenti mbichi ina chokaa inayokula rangi na kuacha madoa meupe kama chumvi. Ukuta wa zamani wenye rangi ya mafuta inayobanduka usiusugue kwa msasa mkavu. Rangi za zamani zaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Lowesha ukuta kwanza, vaa barakoa, na watoto wakae mbali mpaka utakapomaliza kufuta vumbi kwa kitambaa chenye maji na kupiga deki.

Hatua kwa hatua

1. Andika saa unazokuwa chumbani.

Chukua daftari uandike ukweli. Sebule: saa moja hadi saa nne usiku, na Jumapili mchana. Chumba cha kulala: usiku, na nusu saa asubuhi. Chumba cha watoto: baada ya shule.

Hatua hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyonifundisha kazi hii. Chumba changu cha kwanza nilikipaka kijani hafifu nilichokuwa nimekitazama mchana tu, na mchana kilikuwa kizuri kama jani la mgomba likiwa bado changa. Wakati huo nilikuwa natoka saa moja asubuhi na kurudi saa mbili usiku. Chini ya balbu nyeupe kile kijani kiligeuka cha wodi. Nililala humo miaka miwili, kwenye rangi ambayo macho yangu hayakuwahi kuikubali.

2. Jua dirisha lako linatazama wapi, na nje yake kuna nini.

Miongozo mingi ya intaneti imeandikwa Uingereza au Marekani. Inasema chumba kinachotazama kaskazini kina mwanga wa baridi mwaka mzima, kwa hiyo kipakwe rangi ya joto. Kwao ni kweli. Kwetu Uganda, Ikweta inakata barabara ya Masaka pale Kayabwe, na jua hupita karibu na utosi. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba huegemea kaskazini, miezi inayobaki huegemea kusini. Kwa hiyo kaskazini na kusini zisikuumize kichwa. Yaangalie mashariki na magharibi.

Dirisha la mashariki huingiza jua la manjano asubuhi, kisha chumba hutulia na kubaki na mwanga wa kibuluu hadi jioni. La magharibi ni kinyume: asubuhi chumba kimepoa, kuanzia saa tisa alasiri mwanga wa chungwa unakijaa. Samawati kwenye chumba cha magharibi hupoteza ubaridi wake jioni na kuelekea kijivu. Rangi ya udongo kwenye chumba hichohicho huwaka. Tuna bahati moja lakini: jua letu huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi mwaka mzima, na kuzama katika muda kama huo jioni. Utakachokiona saa kumi na moja jioni mwezi huu hakitakuwa mbali sana na cha Desemba.

Sasa tazama nje. Ukuta wa matofali wa jirani, bati jipya, mwembe, ua wa udongo mwekundu: vyote hivyo vinapaka rangi ndani ya nyumba yako bila ruhusa. Nilikuwa Bombo kwa Hajati mmoja aliyekuwa akichagua kati ya krimu na kijani cha bahari. Ua wake hufagiliwa kila asubuhi hadi udongo unang'aa. Saa kumi na moja jioni tuliegemeza bango la krimu, yaani karatasi ya manila iliyopakwa rangi hiyo, kando ya kochi, akalitazama na kuniambia, "Mwanangu, hii siyo ile uliyonionyesha asubuhi." Kweli, sehemu ya juu ya bango ilikuwa imekuwa pinki ya chai ya maziwa, wakati sehemu ya chini ilikuwa bado krimu. Nikamwomba shuka jeupe. Tukalitandika juu ya udongo nje ya dirisha, mimi nikabaki ndani nikitazama. Pinki ilipungua palepale. Alipolitoa shuka, ikarudi. Jua lilikuwa likipiga ule udongo mwekundu na kurushwa juu, likipita dirishani hadi ukutani.

Fanya jaribio hilo la shuka kama una ua mwekundu. Linachukua dakika mbili.

3. Tengeneza mabango manne.

Mawili ya kila rangi. Karatasi ya manila ikilowa hujikunja kama jani la mgomba juani, kwa hiyo ibane pembe zote nne kwa tepu juu ya meza au ubao. Acha ukingo mweupe wa sentimita tano kuzunguka. Koroga rangi hadi chini ya kopo, usiongeze maji zaidi ya yanayoruhusiwa kwenye kopo, kisha paka mikono miwili, yaani koti mbili, ukiacha saa nne hivi katikati. Msimu wa mvua acha zaidi. Kisha liache lilale usiku mzima. Rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana tofauti na ikikauka. Nyingi hukolea kidogo. Hukumu ya rangi mbichi ni hukumu ya haraka.

Nyuma ya kila bango andika namba ya rangi, aina ya mng'ao na tarehe.

Najua wengi hupenda kupaka kiraka moja kwa moja ukutani. Sipendi, na sababu zangu ni mbili. Kwanza, kiraka kinazungukwa na rangi ya zamani, nayo inakipotosha. Kijivu juu ya ukuta wa manjano kitaonekana cha kibuluu hata kama hakina bluu. Pili, ukingo wa kiraka huacha mstari ulioinuka ambao utauona chini ya rangi mpya kila jua linapopita ubavuni mwa ukuta, hasa ukitumia silki.

4. Yaweke wima, mahali pawili, yakiwa na haki sawa.

Bango lisilale sakafuni wala mezani. Ukuta umesimama, na mwanga unaupata kwa namna nyingine kabisa. Liegemeze au libandike kwa tepu katika usawa wa macho ukiwa umekaa.

Chagua kuta mbili: ule unaotazamana na dirisha, ambao ndio wenye mwanga zaidi, na ule wenye dirisha lenyewe, ambao kwa kawaida ndio wenye giza zaidi. Kila ukuta upate bango moja la kila rangi, yaachane kama mita moja. Siku ya pili badilisha nafasi: la kushoto liende kulia. Watu hawafanyi hivi, wanaiweka krimu karibu na dirisha na nili kwenye kona, kisha wananiambia nili ni nzito mno. Hapo hawajalinganisha rangi, wamelinganisha kona.

5. Tazama mara nne kwa siku, siku mbili au tatu.

Saa mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja na nusu jioni, na saa mbili usiku taa zikiwa zimewaka. Ukipata siku ya mawingu mazito, hiyo ihesabu kuwa zawadi; miezi ya Machi hadi Mei utazipata nyingi.

Kila mara fuata mpangilio huu. Geuza bango la rangi ya pili litazame ukuta. Keti, tazama la kwanza kwa dakika nzima, andika neno moja au mawili. Lifunike. Tazama nje au dari kwa dakika moja ili macho yapumzike. Kisha fanya hivyohivyo kwa la pili. Mwisho yageuze yote mawili uyatazame pamoja.

Kwa nini moja moja kwanza? Rangi mbili zikiwa jirani hubadilishana sura. Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mjini Paris, alilieleza jambo hilo mwaka 1839. Watu walilalamika kuwa nyuzi nyeusi za kiwanda zimefifia, naye akagundua kuwa nyeusi haikuwa na kasoro: zilizokuwa kando yake ndizo zilizoifanya ionekane hivyo. Samawati yako ikikaa karibu na rangi ya udongo itakuwa samawati zaidi, na udongo utakuwa mwekundu zaidi. Kama utatumia moja tu, huo uzuri wa kuazimana hautakuwepo.

Maneno ya daftarini yawe yako. "Imelala." "Inanichoma." "Kama asubuhi." Baada ya siku tatu utakuwa na orodha, na mara nyingi orodha inasema mapema kuliko wewe.

6. Ibadilishe taa, usibadilishe rangi tu.

Balbu nyingi tunazonunua zina mwanga mweupe wenye ubluu. Angalia kwenye boksi: 6500K ndiyo hiyo. Zile za 2700K au 3000K zina mwanga wa manjano, kama wa taa ya zamani. Chini ya 6500K rangi ya udongo hupoteza damu na kuwa kama vumbi; samawati inasimama imara. Chini ya 3000K udongo unapendeza mno, na samawati inaelekea kijani au kijivu. Jaribu mabango yako kwa balbu zote mbili usiku mmoja. Nimewahi kuokoa rangi iliyokwisha kupakwa ukuta mzima kwa kubadilisha balbu mbili tu.

Kama boksi lina alama ya CRI au Ra, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi, chukua yenye 80 kwenda juu. Chini ya hapo rangi zote huonekana zimechoka.

7. Walete wenzake.

Tundika pazia kando ya bango. Weka mto wa kochi chini yake, na kipande cha tailzi mbele yake. Usitazame kama "vinaendana" tu. Tazama ni kipi kinaonekana kichafu. Krimu yenye umanjano kando ya tailzi nyeupe kabisa huonekana kama shuka lililofuliwa vibaya, na kijivu chenye uzambarau kando ya kochi la kahawia huonekana kina baridi.

Hapo ndipo utakapoijua rangi iliyojificha ndani ya rangi. Ukitaka kuiona haraka, weka karatasi nyeupe ya kuandikia juu ya bango. Krimu uliyodhani ni krimu itakuonyesha kama ndani yake mna pinki, kijani au manjano.

8. Piga picha, kisha iondoe rangi.

Weka mabango mawili pamoja, piga picha moja mchana, halafu igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Usiitumie simu kuhukumu rangi yenyewe, maana kamera hurekebisha mwanga kwa hiari yake. Ila kwa kazi hii inafaa sana. Ikiwa mabango yote mawili yametoka kijivu kimoja, basi rangi zako zinatofautiana kwa joto na baridi tu, na kwenye ukuta zitagombana bila moja kushinda. Kijani na nyekundu zenye uzito mmoja ni mfano mbaya kuliko yote. Mpaka kati yake huonekana kama unatetemeka. Ikiwa moja imetoka nyeupe na nyingine nyeusi, tofauti ni kubwa na itakata chumba vipande. Mimi napenda iwe katikati: mtu aone mara moja ipi nzito, lakini zisipigiane kelele.

Baadhi ya kadi za rangi zina namba kati ya 0 na 100 inayoonyesha rangi inarudisha mwanga kiasi gani. Ukiwa na namba hizo, umepata jibu la hatua hii bila simu.

9. Amua: moja, au zote mbili?

Soma daftari. Chukua saa ulizoandika kwenye hatua ya 1, uone ni rangi ipi iliyopata maneno mazuri *katika saa hizo*. Hiyo ndiyo ya kuta nyingi.

Nyingine si lazima uitupe. Wasanifu wa ndani hutaja hesabu ya 60, 30 na 10: sehemu kubwa rangi moja, theluthi hivi ya pili, na kidogo sana ya tatu kwenye mito na fremu. Ni mwanzo mzuri, lakini kosa baya ni nusu kwa nusu. Chumba kilichogawanywa kuta mbili nili na kuta mbili krimu hakikai chini. Jicho halijui litulie wapi.

Kuna njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni ukuta mmoja mzito, na uwe ule usio na dirisha, kwa sababu ukuta wa dirisha tayari una giza. Rangi zikutane kwenye kona ya ndani, si kwenye ukingo unaochomoza, ambako mstari hupasuka na kuonekana kutoka kila upande. Ya pili tumeizoea tangu shuleni: chini nzito, juu nyepesi. Tunaidharau kwa sababu ya kuta zile za madarasa, lakini kwa nchi yenye vumbi jekundu na watoto wanaopitisha mikono ukutani, ina akili nyingi. Sentimita 90 hadi 100 kutoka sakafuni, rangi ya udongo au kahawia chini, krimu juu, na chumba kinabaki safi muda mrefu.

Kwenye muzigo wenye mlango mmoja na dirisha moja, singeweka rangi nzito kwenye ukuta unaouona ukiingia. Iweke ukuta wa mlango wenyewe. Ukiwa umekaa kitandani unaifurahia, na anayeingia anakutana na mwanga.

10. Hesabu, kisha ununue mara moja.

Lita moja hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini. Ukuta wenye chembechembe hula zaidi. Tuchukue chumba cha mita 3.6 kwa 4.2, urefu wa kwenda juu 2.7. Mzunguko ni mita 15.6, mara 2.7 ni mita za mraba 42. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 38. Ukuta mmoja mzito wa mita 3.6 ni karibu mita za mraba 10. Rangi nzito mara nyingi hutaka mikono mitatu, kwa hiyo ni lita tatu. Mita za mraba 28 zilizobaki, mikono miwili, ni kama lita sita: kopo la lita 4 na mawili ya lita moja.

Kopo lililobaki la majaribio lihesabu pia, ila usilipake ukuta peke yake. Rangi zilizochanganywa siku tofauti huweza kupishana kidogo. Mimina zote za rangi moja kwenye ndoo moja safi, koroga, ndipo uanze. Na ile stika ya mchanganyiko iliyo kwenye kifuniko, ipige picha kabla haijafunikwa na matone.

Mambo yakikwama

*Rangi zote mbili zimenipendeza sawasawa.* Punguza hatua. Rudia saa mbili usiku pekee, mabango yakiwa mbali, na uketi mahali unapoketi kila siku. Bado? Ondoa moja chumbani kwa siku nzima, kesho yake uondoe nyingine. Utakayoikumbuka kwa kuikosa, ichukue.

*Ukuta haufanani na bango.* Uliza maswali matatu: umepaka mikono mingapi, mng'ao ni uleule, na ulipaka andakoti? Lipu isiyo na andakoti hunywa rangi na kuiacha na mabaka. Mara nyingi mkono wa pili hulimaliza tatizo. Pia kumbuka kuwa kuta nne hupeana rangi. Chumba kizima cha rangi moja huonekana kimekolea kuliko bango lake. Ukihisi hivyo mapema, mwombe mchanganyaji akupunguzie nguvu ya rangi kwa robo, kisha utengeneze bango jipya kabla ya kununua.

*Krimu imekuwa pinki.* Fanya jaribio la shuka nje ya dirisha. Ikiwa ni ua, panda nyasi au chagua krimu yenye ukijani kidogo ndani yake. Ikiwa pinki inabaki hata usiku, imo ndani ya rangi yenyewe.

*Mstari kati ya rangi mbili umevuja.* Bandika tepu, kisha pitisha juu ya ukingo wake rangi ileile iliyoko chini ya tepu. Hiyo itaingia kwenye nyufa ndogo na kuziba. Ikikauka, paka rangi ya pili, na uitoe tepu rangi ikiwa bado na unyevu, ukiivuta kwa pembe taratibu.

*Rangi mbili zinagombana zikiwa ukutani.* Kabla ya kupaka upya, weka utenganisho: mstari mweupe wa sentimita tatu hadi tano, au ubao mwembamba uliopakwa nyeupe. Ile pembezoni nyeupe ya mabango yako ndiyo ilikuwa ikizipatanisha siku zote za majaribio.

*Kiraka cha zamani kinaonekana chini ya rangi mpya.* Kama ni rangi ya maji, sugua kingo kwa msasa laini hadi kidole kisihisi ngazi, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, paka andakoti pale tu, kisha paka ukuta wote kutoka kona hadi kona. Ukipaka kipande utapata kiraka kingine.

*Sehemu ya chini ya ukuta inakataa kukauka, rangi inatoka madoa.* Hiyo ni unyevu kutoka chini au bomba linalovuja. Simamisha kulinganisha hadi fundi aone, kwa sababu hakuna rangi kati ya hizo mbili itakayokaa hapo.

Mabango yakishamaliza kazi usiyatupe. Mimi huyaweka nyuma ya kabati, namba na tarehe zikiwa zimeandikwa. Mtoto akichora ukutani au kochi likikwaruza, unajua cha kumwambia mwenye duka, na ukienda sokoni kununua pazia jipya unakunja kipande na kukitia mkobani.